Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa. Tuonapo jahazi limetanda tanga baharini, aghalabu tunamsifu nahodha. Ni wachache wanaomkumbuka fundi aliyechonga mbao zake na kulitia kalafati.

Sinema nayo ni jahazi la namna hiyo. Sisi tuliokuwa wanachuo wa ualimu Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulizipenda sana picha za kauboi. Tulimjua steringi, tulimjua adui, na tulijua nani angekufa kabla ya picha kwisha. Tulidhani zote zimetoka Marekani. Kumbe nyingi zilikuwa za Waitaliano, zilizopigwa Hispania katika nyika kavu ya Almería. Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars mwaka 1964 kwa fedha za Waitaliano, Wahispania na Wajerumani wa Magharibi, na Clint Eastwood alilipwa dola 15,000 tu.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: katika nyika isiyo na kitu ila jua na vumbi, nani alileta farasi, maji, mbao na chakula cha watu wote wale? Hiyo ndiyo kazi ya meneja wa utayarishaji. Yeye hugawa fedha iliyopo kwa siku zilizopo. Hukodi vyumba na wanyama, huomba vibali, huwalipa vibarua, tena huhakikisha kwamba kila mtu yuko mahali pake jua linapofaa. Kazi yake ikienda sawa, haionekani. Huonekana inapoharibika jambo. Mwaka 1966, katika jimbo la Burgos, daraja lililojengwa na askari wa Hispania kwa ajili ya The Good, the Bad and the Ugly lililipuliwa kabla kamera hazijaanza kufanya kazi. Ikabidi lijengwe upya ili lilipuliwe tena. Mtazamaji huona moshi mmoja tu. Madaraja yalikuwa mawili.

Katika Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968, nayo ya Leone, meneja wa utayarishaji alikuwa Claudio Mancini. Filamu hiyo huanzia kwenye kituo cha treni, ambako watu watatu wenye bunduki wanamsubiri abiria. Woody Strode anadondokewa na maji juu ya kofia. Jack Elam anasumbuliwa na nzi. Wa tatu, Al Mulock, anavuta vidole vyake mpaka vinalia. Mazungumzo ni machache sana, na majina ya waliotengeneza filamu yanapita taratibu juu ya ukimya huo.

Mulock, mzaliwa wa Kanada, hakuwahi kuiona filamu hiyo. Mwezi Mei 1968, kazi ikiendelea karibu na mji wa Guadix, alijirusha kutoka hotelini akiwa bado katika mavazi ya mchezo, akafa. Mickey Knox, aliyeandika mazungumzo ya Kiingereza ya filamu ile, amesimulia kwamba alikuwa chumbani pamoja na Mancini walipomwona mtu akipita nje ya dirisha kuelekea chini. Kwa masimulizi yake, Mancini ndiye aliyempakia majeruhi garini mwake na kumkimbiza hospitali.

Kazi hiyo haiandikwi katika mkataba wa mtu yeyote. Hata hivyo humwangukia yule yule anayehesabu magodoro na marobota ya nyasi za farasi. Na filamu iliendelea mpaka ikakamilika. Mancini naye aliendelea. Katika Once Upon a Time in America ya mwaka 1984, filamu ya mwisho ya Leone, alikuwa mtayarishaji mtendaji.

Habari hii hunigusa kwa sababu niliongoza shule ya bweni katika miaka ya 1980, wakati unga, sabuni na mafuta ya taa vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi. Makamu wangu ndiye aliyezunguka vijijini na lori la kuazima akisaka mahindi. Usiku mmoja kijana wa kidato cha pili alishikwa na homa kali mpaka akapoteza fahamu. Gari hatukuwa nalo. Makamu alimpakia kwenye baiskeli, akajifunga naye kwa kanga ya mkewe ili asianguke, akaenda naye gizani hadi hospitali. Kijana alifariki kabla ya mapambazuko. Makamu alirudi na habari hiyo saa moja asubuhi. Alipokwisha kunieleza aliingia stoo kupima unga, kwa sababu wenzake marehemu mia nne walikuwa wanasubiri uji. Baadaye siku hiyo tulisafiri pamoja kwenda kwa mama wa kijana.

Nilipostaafu, wageni walisimama mmoja mmoja kuyasifu matokeo ya mitihani ya shule ile, kana kwamba watoto hufaulu bila kula. Zamu yangu ilipofika nililitaja jina la makamu wangu na nikaeleza aliyoyafanya. Watu walipiga makofi marefu. Yeye hakuyasikia, maana alikuwa jikoni akihakikisha kwamba chakula kinawatosha wageni.

Basi, ndugu msomaji, ukibahatika kuitazama ile picha ya kituo cha treni, usiwaangalie wenye bunduki peke yao. Soma na majina yanayopita. Mmojawapo ni wa mtu aliyembeba mwenzake.