Lamu, Mji Ubebwao na Kwato

Mwenye kushuka gatini Lamu, kabla hajaufikia Usita wa Mui, huwa ameshapisha punda wawili watatu. Mji huu wa mawe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha mtu na mnyama. Vichochoro vyake vingine ni vyembamba hata watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, na gari haliwezi kupenya humo. Basi mawe yachongwayo Manda huvushwa kwa mashua, na kutoka ufukweni hadi mlangoni mwa nyumba safari yake ni juu ya mgongo wa punda. Ni hivyo hivyo kwa mchanga, saruji na boriti. Hata katika sherehe za Maulidi, mji unapofurika wageni wa Msikiti wa Riyadha, mashindano ya punda ni sehemu ya furaha ya vijana.

Msikilize punda apitapo juu ya sakafu ngumu ya kichochoro. Mnyama mzima ana mdundo wa hatua nne zilizolingana. Mguu mmoja ukigusa chini na kuondolewa upesi, mdundo huvunjika, na hapo ujue pana maumivu. Punda hana tabia ya kulalama. Huficha uchungu mpaka umshinde, na kwa sababu hiyo wengi hudhani ni mvivu au mkaidi, kumbe anaumwa.

Ukwato ni ndugu wa kucha zetu. Hauachi kukua maisha yote ya mnyama, na kutoka unapoanzia chini ya manyoya mpaka kufika chini kwenye ncha ya mbele huchukua takriban mwaka mzima. Ukiinua mguu na kuutazama chini utaona ukingo mgumu ubebao uzito, ndani yake wayo uliobonyea kidogo, na katikati ulimi wa pembe tatu, laini kiasi kama mpira, usaidiao kupunguza mshindo wa kila hatua. Ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama wima kuliko wa farasi. Pia hunyonya maji kwa wepesi zaidi, kwa kuwa asili ya punda ni nchi kavu zenye mawe za kaskazini-mashariki mwa Afrika, alikofugwa tangu yapata miaka 7,000 iliyopita. Katika jangwa lile mawe yenyewe yalikuwa tupa. Mnyama alitembea mbali akitafuta majani, na ukwato ukalika kwa kadiri ulivyokua.

Lamu ni ardhi ya namna nyingine. Juu ya mchanga laini wa njia ya Shela ukwato hauliki vya kutosha, ilhali juu ya saruji ya vichochoroni waweza kulika upande mmoja zaidi ya mwingine. Usiku punda akifungwa uani penye kinyesi na mkojo, ukwato hulowa na kulainika. Chembe za mchanga na vijiwe hupenya mahali ukingo unapokutana na wayo, uchafu ukafuata, na mwisho wake ni jipu ndani ya ukwato. Ule ulimi nao huanza kuoza na kutoa harufu mbaya.

Kwa maradhi ya namna hii Lamu ina bahati ambayo miji mingi ya punda haina. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa Uingereza na Bi Elisabeth Svendsen mwaka 1969, lilifungua kituo cha kuwatibu punda kisiwani hapa, mbele ya bahari. Matibabu hutolewa bila malipo, na kukata kwato ni miongoni mwa kazi zake za kawaida.

Mkataji kwato hamfuati punda kwa haraka. Kwanza humtazama amesimama mahali tambarare, kisha akitembea. Akimtazama kwa ubavuni, anataka mstari wa mfupa ushukao kutoka kifundoni uungane na mstari wa mbele wa ukwato bila kuvunjika. Akimtazama kwa mbele, anataka pande mbili za ukwato ziwe na kimo kimoja, ili zikanyage chini kwa pamoja. Hiyo ndiyo mizani ya ukwato. Ncha ya mbele ikirefuka, uzito hurudi kisiginoni na kano za nyuma ya mguu huvutika kila hatua. Upande mmoja ukiwa juu, kiungo hupinda, na mzigo wa saruji huzidisha kupinda huko mara mia kadhaa kwa siku. Kisha huchukua kisu kilichopinda, koleo na tupa, akaondoa kidogo kidogo. Ukwato ulioachwa miezi mingi haunyooshwi siku moja, kwani ukikatwa mno wayo huwa mwembamba na mnyama hushindwa kukanyaga. Kwa kawaida punda huhitaji kutazamwa kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Mama mmoja mtu mzima, ambaye riziki ya nyumba yake ni punda wawili wa kukodisha, alinieleza ugumu wa jambo hili huku mnyama wake akikamuliwa usaha. "Mwanangu," alisema, "punda huyu akipumzika, na jiko langu hupumzika."

Nilimuuliza, "Na asipopumzika, mama?"

Akamtazama punda kwa muda. "Asipopumzika leo, mwezi ujao sina punda." Akaagiza apelekwe nyumbani bila shogi, wala asipakiwe kitu hadi atakaporuhusiwa na daktari. Aliyemwongoza punda ni mjukuu wake. Alikuwa na fimbo mkononi, na bibi yake akaichukua.

Katika maneno ya mama yule mna fiqhi nzima. Surat an-Nahl inawataja wanyama wabebao mizigo yetu hadi miji tusiyoweza kuifikia ila kwa mashaka, kisha ikawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pambo. Mtume, rehema na amani zimshukie, naye alipanda punda. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Muadh alipakiwa nyuma yake juu ya punda aliyeitwa Ufayr. Na Muslim amepokea kwamba alipomwona punda aliyechomwa alama usoni alimlaani aliyefanya hivyo. Wanyama hawa hawana ulimi wa kushitaki, na kwa hiyo anayewamiliki ataulizwa kwa niaba yao.

Kwa nyumba zenye punda, kazi kubwa ya kwato hufanyika uani, na aghalabu mikononi mwa akina mama na watoto. Kila jioni mzigo ukishatuliwa, inueni mguu mmoja mmoja, mtoe vijiwe na uchafu kwa kijiti chenye ncha butu, mkitoka kisiginoni kuelekea mbele. Gusa ukwato kwa kiganja: ulio moto kuliko wenzake una jambo. Mahali pa kulala pawe pakavu na pafagiliwe kila siku. Msimjaze mahindi na makombo ya wali kwa kudhani mnamtendea hisani, maana chakula kizito chaweza kuivimbisha nyama ya ndani ya ukwato, na maradhi hayo humlemaza. Punda alalaye sana, ahamishaye uzito mguu huu na huu, au akataaye kuinuliwa mguu, apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekwa kazini. Wala asikate kwato mtu asiyefunzwa, maana kisu kikipita kiasi huleta jeraha baya kuliko lile lililokuwapo.

Mfundisheni mtoto kuinua mguu wa punda kwa upole kabla hajafundishwa kumpanda. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa kila alichokitiisha kwa ajili yetu. Amin.