Ngome, Lango na Mdudu



Tangu nistaafu nimekuwa nikiyaingiza katika kompyuta, hapa nyumbani Tanga, mashairi ya vijana niliowafundisha. Mmoja wao, ambaye sasa ni mtunzi wa programu huko Mwanza, alinitungia programu ya kuhesabu mizani. Ilinifaa sana, ila mara kwa mara ilidai kwamba mshororo ulio sawa umepungua. Hitilafu ya namna hii wenye kazi yao huiita mdudu.

Jioni moja alinipigia simu. “Shikamoo, Mwalimu. Kwangu mdudu huyu haonekani. Nataka nimwinde humo humo katika mashine yako, nikiwa huku huku. Kizuizi ni ukuta wa moto.”

Jina hilo silipendi. Asili yake ni ukuta wa jengo unaozuia moto usienee, lakini Mswahili akilisikia huona ukuta unaowaka. Mimi husema ngome, kwani kazi yake ni kuamua nani aingie na nani abaki nje.

Kwa haraka zangu niliizima ngome yote. Akashtuka. “Mwalimu, nimeomba lango, nawe umebomoa boma!”

Nikaiwasha tena, nikatulia kufundishwa. Kompyuta ina malango zaidi ya 65,000, kila moja na namba yake. Chombo chake cha kuwindia wadudu, kilichomo katika Visual Studio 2022, hupitia lango 4026. Kwanza aliziunganisha kompyuta zetu kwa VPN, ili mazungumzo yake yasipite wazi kwenye intaneti. Kisha nikafungua mipangilio ya ngome ya Windows, nikaandika kanuni mpya ya wanaoingia: TCP, namba 4026, ruhusu. Mwisho akanitaka niweke anwani ya kompyuta yake peke yake. Lango moja, mgeni mmoja.

Akaingia. Aliiendesha programu hatua kwa hatua, akiisimamisha kila neno, hadi ikafika kwenye “mtu mbaya”. Programu ikahesabu mizani nne.

“Ni tano,” nikasema. “M-tu m-ba-ya.”

“Lakini kanuni niliyoiandika yasema m ikifuatwa na b haisimami peke yake: mbu-zi, mba-li.”

“Kanuni hiyo umeitoa wapi?”

Alisita. “Katika daftari langu la kidato cha pili, Mwalimu. Uliiandika ubaoni.”

Nilinyamaza. Katika “nyumba mbaya”, m na b huungana, na neno “mbaya” lina mizani mbili. Katika “mtu mbaya”, m ni kiambishi cha ngeli ya watu. Husimama peke yake, na mizani huwa tatu. Sikio langu lilijua hivyo siku zote. Chaki yangu ndiyo iliyokosea. Nami nilisahihisha kwa kanuni ya chaki.

Kijana alirekebisha programu, akaniaga kwa adabu ile ile ya darasani. Nikaizima kanuni ya 4026, maana lango la mgeni halibaki wazi mgeni akishaondoka.

Kisha nikayarudia madaftari ya zamani. Hadi leo nimekuta mashairi 11 niliyoyakata alama kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni “mizani imepungua”, ilhali haikupungua. Watunzi wake ni watu wazima sasa. Wawili nina namba zao za simu. Kesho nitaanza na hao.