Aliye Juu Ampishe Aliye Chini

Wahenga walisema kwamba aliye juu mngoje chini. Methali hii ni faraja ya mnyonge: yamwambia astahimili, kwa kuwa mwenye cheo, mali au kiburi hatakaa juu milele. Lakini wanamaji wana sheria nyingine, nayo haimtaki mtu wa chini angoje. Vyombo viwili vya tanga vikikaribiana, na vyote vikipata upepo kwa ubavu mmoja, kile kilicho juu ya upepo, yaani upande wa goshi, ndicho kinachopaswa kukipisha kile kilicho upande wa demani. Sheria hii imo katika kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zilizokubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977. Na mabaharia waliijua kabla ya hapo. Sababu yake si ngumu. Aliye juu ya upepo aweza kumziba mwenzake, akamwacha na tanga lililolegea kama nguo iliyoanikwa. Tena aghalabu yeye ndiye mwenye nafasi zaidi ya kugeuka. Basi mwenye uwezo wa kupisha ndiye apishe.

Mimi si nahodha. Ni mwalimu, na nyumba yangu iko Kisumu Ndogo, katika Kibera, ambako chombo cha pekee kipitacho mbele ya mlango wangu ni mkokoteni wa mitungi ya maji. Jirani zangu wakisikia kwamba mwalimu wao anaandika juu ya adabu za mashua watacheka, nami sitawalaumu. Hata hivyo mashua hazikuwa mbali nasi kama mtu adhanivyo.

Kibera ni mtaa wa vijiji vingi. Wanubi, waliokuwa askari wa King's African Rifles, walikaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mahali hapa palipokuwa bado na msitu. Baadaye wakaja watu kutoka kila upande wa nchi. Wengi waliojenga katika kijiji chetu walitoka kando ya ziwa, wakakiita kwa jina la mji wa kwao. Nchi yenyewe ni ya mteremko. Mto Motoine hupita bondeni, ukapokea maji ya mitaro yetu, kisha ukaingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji. Ukingoni mwa bwawa hilo chama cha wapenda matanga, Nairobi Sailing Club, kilikuwa na makao yake. Watu walikuja siku za mapumziko, wakatweka matanga, wakashindana kuzunguka maboya. Huku juu moshi wa majiko, kule chini matanga. Na kati yake mwendo wa miguu wa dakika chache.

Starehe ya mashua hutegemea adabu kuliko nguvu, nami nimependa kuzisoma adabu hizo kama mwingine apendavyo kusoma hadithi. Mwenye injini hupunguza mwendo akikaribia vyombo vilivyofungwa, kwa sababu wimbi aliachalo nyuma yake hufika penye vyombo vile yeye akiwa amekwisha kwenda zake. Humo ndani huenda mtu anamimina chai, au mtoto amelala; chombo hurushwa, kamba huvutwa, kigingi hung'oka, na aliyesababisha yote haoni hata kidogo, kwa maana uso wake umeelekea mbele. Kadhalika gati likijaa, mgeni huruhusiwa kufunga chombo chake ubavuni mwa chombo cha mwingine, na akitaka kwenda pwani hana budi kupita juu ya chombo cha mwenyeji wake. Basi hupitia omo, si tezi ambako wenyewe hukaa na kula. Naye hukanyaga polepole, wala hachungulii ndani.

Uingereza adabu hizi zina shule kubwa. Njia za maji za nchi ile, nyingi zikiwa mifereji iliyochimbwa zamani kwa kuchukua makaa na bidhaa, leo hujaa mashua za starehe; na taasisi iitwayo Canal & River Trust, iliyoanza kazi mwaka 2012, yatunza njia zipatazo kilomita 3,200. Mfereji ukifika penye kilima hauwezi kupanda kama barabara. Hujengwa chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma: mashua huingia, milango hufungwa, maji hufunguliwa kutoka juu, na chumba kikijaa mashua huwa imepanda. Kila safari ya namna hii hushusha bondeni lita laki moja za maji na zaidi, nayo hayarudi. Kwa hiyo ukikuta chumba kimekwisha kujaa, na mwingine yuaja kutoka juu, humsubiri atumie maji yale kuliko kuyamwaga bure ili upite wewe kwanza. Chumba kikiwa kipana, husubiri mwenzako wa nyuma mkaingia wawili. Ukitoka, hufunga milango nyuma yako, ingawa hapana akuonaye.

Msidhani, vijana, kwamba hayo ni madoido ya watu wenye nafasi. Mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914, hupandisha meli mita 26 kwa vyumba vya namna ile ile, na maji yake hutoka katika Ziwa Gatun, ambalo hujazwa na mvua. Mvua zilipopungua mwaka 2023, meli zilizoruhusiwa kupita zilipunguzwa kutoka kiasi cha 36 kwa siku hata 24 mwanzoni mwa mwaka 2024, na nyingine zikangoja baharini siku nyingi. Meli ya mabilioni husimama kwenye foleni ya maji kama mtungi wangu wa lita 20.

Kwetu hatuna vyumba hivyo, lakini mpaji wa zamu tunaye. Kule Lamu, kati ya kisiwa cha Manda na bara, pana mkondo mwembamba uitwao Mkanda, njia ya vyombo viendavyo Pate na Faza. Maji yakipwa, chombo kikubwa hakipiti. Husubiri maji yajae, na waliosubiri pamoja huingia pamoja. Na ufukweni Dunga, karibu na mji wa Kisumu, nilipata kupanda mashua ya kutembeza wageni wapendao kuona viboko. Kijana aliyetuchukua alizima injini mbali sana, akatia kasia. Nilipomwuliza sababu, alinionyesha kwa kidevu vyelezo vya nyavu za wavuvi juu ya maji. "Hao ndio wenye ziwa, mwalimu," alisema. "Sisi tunapita tu."

Sasa turudi uchochoroni kwetu, ambako upana wa njia ni mikono miwili iliyonyoshwa, na mara nyingine ni mkono mmoja. Hapa asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo, na mwenye kushuka humpisha apandaye na mkokoteni, kwa sababu mkokoteni uliosimamishwa mlimani ni taabu kuusukuma tena. Sijui ni nani aliyeiweka sheria hii. Penye kibanda cha maji mitungi hupanga foleni kwa niaba ya wenyewe: mtu huacha mtungi wake saa kumi na moja alfajiri, akaenda kuamsha watoto, akirudi aukuta umesogezwa mbele na mikono asiyoijua, wala haukurukwa. Mwenye msiba hutanguliwa. Mabomba yakikauka na bei ya mtungi ikapanda, hapo ndipo adabu hutiwa jaribuni, nami nimeona siku ambazo ilishindwa. Lakini ajabu kwangu ni siku nyingi ambazo haikushindwa.

Jambo gumu kwetu ni yale yashukayo. Katika mstari wetu wa nyumba, juu yangu, akaa mama mmoja afuaye nguo za watu kwa ujira. Chini yangu akaa mama mwingine, mwuza mandazi, ambaye jiko lake huwa mlangoni kwa kuwa ndani hapana pa kuliweka. Mtaro hupita mbele ya milango yote mitatu. Yule wa juu akimwaga beseni la maji ya sabuni, wimbi hushuka, likipita kwangu ni kijito, likifika kwa mwuza mandazi huwa limeshika takataka na kupanda kingo. Asubuhi moja liliingia jikoni, likauzima moto, likaharibu unga uliokwisha kukandwa, ambao ulikuwa ada ya shule ya wiki ile. Mwana wake mdogo, aliyekuwa akitambaa, alikutwa ameketi katikati ya maji yale akiyapiga kwa viganja na kucheka.

Maneno yalikuwa makali, na majirani wakaniita niamue, kwa dhana kwamba mtu aliyesomea ualimu amesomea na hukumu. Nilimwambia mama wa juu, kwa heshima impasayo mtu wa umri wake, yale niliyoyajua: kwamba amwagapo haoni maji yafikapo, kwamba aliye juu ndiye apaswaye kumfikiri aliye chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa bado na povu. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwalimu. Ni kweli ulivyosema. Sasa nionyeshe, nimwage wapi?"

Nilitazama huku na huku pamoja naye. Nyuma ya nyumba yake ni ukuta wa mabati wa nyumba nyingine. Pembeni ni njia ya watu. Bomba la maji machafu halipo.

Wanawake wale wawili walimaliza shauri lao bila mimi. Walikubaliana kwamba wa juu hatamwaga kabla ya mandazi kuuzwa, na kwamba akiwa hana budi atamwaga nusu beseni, naye atapaza sauti kwanza. Vijana wa mstari wetu wakainua kingo za mtaro kwa mawe na saruji iliyochangwa. Tangu hapo husikia mara kwa mara sauti ikitoka juu, "Maji yaja!", na hapo milango huzuiwa kwa ubao, watoto huinuliwa, jiko husogezwa. Wimbi hupita. Nami huinua miguu yangu, nikaendelea kusahihisha madaftari.

Lakini hupita kwenda wapi? Hapa sheria ya matanga inanipa shida ya kweli, kwa maana yauliza ni nani aliye juu na ni nani aliye chini. Kwa mali, mwenye mashua bwawani alikuwa juu yetu sana. Kwa mteremko wa nchi, sisi ndio tuliokuwa juu yake. Maji yote ya mabeseni, na mengine mabaya zaidi ya sabuni, yalishuka Motoine yakaingia kule alikotweka tanga lake. Kufikia mwisho wa karne ya 20 gugu maji, mmea wa asili ya Amerika ya Kusini unenepao kwa uchafu, ulikuwa umeutandaza uso wa bwawa. Ni mgeni yule yule aliyeifunga bandari ya Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu wa ziwa walikutana naye nyumbani, wakakutana naye tena ugenini. Matanga yakatoweka. Na safari ya maji haiishii hapo: hutoka bwawani kwa jina la Mto Ngong, huingia Athi, na mwisho hufika baharini kwa jina la Sabaki, karibu na Malindi, ambako wako watu wengine wenye mashua wasiotujua.

Sisemi kwamba wenye matanga walikuwa watu wabaya. Yamkini walipishana bwawani kwa adabu kamili mpaka siku ya mwisho. Ila kanuni zao zilihusu walio majini, na jirani aliyekuwa ng'ambo ya majani hakuwa na chombo, basi hakuwamo. Wala sikubali neno lisemwalo mara nyingi mjini, kwamba bwawa liliuawa na ukosefu wa ustaarabu wa Kibera. Aliye juu hawezi kupisha asipokuwa na mahali pa kugeukia, na sehemu kubwa ya mtaa huu iliachwa miaka mingi bila bomba la kupeleka uchafu popote.

Katika kanuni za mashindano ya matanga kipo kifungu nikipendacho kuliko vyote. Vyombo viwili vyaenda sambamba, karibu sana, na mmoja aona mbele yake mwamba au gati. Hawezi kugeuka bila kumgonga mwenzake. Kanuni yampa haki ya kupaza sauti aombe nafasi. Aliyeitwa hana ruhusa ya kubishana wakati ule, wala ya kudai kwamba mwito haukuwa wa haki. Yampasa ageuke mara moja, au ajibu, "Geuka wewe," na kumpa mwenzake njia. Akiona ameonewa, atapeleka malalamiko yake baada ya mashindano kwisha, vyombo vyote vikiwa vizima.

Mama yule alipouliza amwage wapi, hakuwa akinijibu mimi. Alikuwa akipaza sauti aombe nafasi. Mwuza mandazi aliisikia, akapisha kadiri alivyoweza, kwa upana wa jiko moja. Wale wenye dhamana ya mabomba nao wameitwa, na katika masika ya mwaka 2024, mito ya Nairobi ilipofurika na kuingia katika nyumba za watu, mwito ulikuwa wa sauti kubwa kupita zote nilizopata kusikia. Mipango ya kulisafisha Bwawa la Nairobi imetangazwa zaidi ya mara moja. Gugu maji laweza kung'olewa lote kwa msimu mmoja. Litarudi, maadam chakula chake chashuka kila asubuhi. Hadi niandikapo haya mtaro wa mstari wetu waishia pale pale, penye ukingo wa Motoine, kwa mawe mawili na ubao wa kuvukia.