Kunuka na Kunukia

Kiswahili chetu kina vituko. Herufi moja tu, hii *i* unayoiona, ndiyo inayotenganisha sifa na matusi. Mwambie mtu ananukia, atatabasamu na kutengeneza kola ya shati. Mwambie ananuka, jiandae kwa ngumi. Mimi natengeneza mishumaa ya manukato hapa Ilongero, na kwa miezi saba sasa nimekuwa nikiishi katikati ya maneno hayo mawili. Nimeona kwamba umbali kati yake hupimwa kwa gramu.

Kabla hujacheka, sikiliza kwanza. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huku kwetu ana njia tatu mbele yake: kulima alizeti, kuendesha bodaboda, au kupanda basi la Dar es Salaam. Mimi nilishika ya nne, ambayo hakuna aliyenionyesha: kuandika riwaya. Ina sura kumi na moja, zote kwa kalamu ya wino, ndani ya kaunta buku nne. Stesheneri wanachapa ukurasa mmoja kwa shilingi 1,000, na kurasa zangu ni mia mbili na ushee. Piga hesabu mwenyewe.

Mama ni mtu wa haki. Hakunikataza kuandika, ila alinipa muda. "Mwanangu," aliniambia, "kukulisha wewe naweza, kuilisha na riwaya yako siwezi. Nakupa mpaka alizeti ivunwe. Kama hakuna kilichoingia, utamfuata binamu yako Kariakoo." Binamu anatembeza soksi na mikanda. Si kazi ya aibu hata kidogo, lakini anaondoka chumbani alfajiri na kurudi usiku, miguu imevimba. Najua kabisa kwamba nikienda huko, sura ya kumi na mbili haitazaliwa.

Basi, mishumaa ilianzia kwa mjomba. Mkoa wetu wa Singida ni wa nyuki. Asali ya Manyoni na Itigi inajulikana mbali. Mjomba naye ana mizinga yake upande wa msitu wa Mgori, ule ambao tangu miaka ya 1990 unatunzwa na vijiji vinavyoupakana. Akishakamua asali, masega yaliyobaki huyachemsha, huyachuja, na kupata nta. Nta ya nyuki ni ngumu, huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, na ina harufu yake yenyewe. Tena ni mbishi: ukiitia manukato mengine, huyafunika kwa asali yake.

Ndipo nikasikia habari za nta ya soya. Hii ni mafuta ya soya yaliyogandishwa kwa kuongezewa haidrojeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani mmoja wa jimbo la Iowa, Michael Richards, alikuwa akitafuta nta ya bei nafuu kuliko ya nyuki, akaishia kwenye soya. Nilicheka. Kile alichokikimbia yeye kwa sababu ya bei, kwa mjomba kimejaa kwenye ndoo! Soya yenyewe inalimwa nchini, Ruvuma na kwingineko Nyanda za Juu Kusini, lakini nta yake naagiza Dar es Salaam, inakuja na basi. Ni laini, na inapokea manukato vizuri kuliko ya nyuki. Kwa hiyo nachanganya: sehemu tisa za soya, moja ya nyuki, ili mshumaa usilegee mchana wa jua kali.

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Mjini Singida kuna mama mmoja mpambaji wa maharusi. Nilimpelekea mshumaa wa mchaichai. Akaunusa kabla ya kuuwasha, akasema bomba. Akauwasha, tukakaa nusu saa, akanitazama. "Kijana wangu, mkononi unanukia, chumbani umekufa. Niletee thelathini inayojaza chumba, nitalipa yote siku hiyohiyo. Ya namna hii sitaki hata ya bure."

Thelathini! Kila mmoja shilingi 4,000. Ukitoa nta, chupa na nauli, hapo kuna sura tatu zilizochapwa, na kuna neno la kumwambia mama.

Nilipolifikisha suala hili kijiweni, washkaji walitoa jibu kwa sauti moja: "Ongeza mafuta, bwana! Mwaga chupa nzima!" Kila niliyemuuliza alisema hivyohivyo. Kwa hiyo nikaamua kulipima jibu lenyewe. Niliazima mizani ndogo kwa dada anayeoka keki, maana kijiko hudanganya. Nikachukua vikopo vinne, kila kimoja gramu 200 za nta na utambi wa aina moja. Cha kwanza nikakitia gramu 12 za mafuta ya manukato, yaani asilimia 6. Cha pili 16, cha tatu 20, cha nne 24.

Kati ya asilimia 6 na 8 tofauti ilikuwa wazi. Kati ya 8 na 10 ilikuwa ya kubahatisha. Kile cha asilimia 12 kilitoka jasho: matone ya mafuta yalijitenga juu ya nta, utambi ukasongwa, mwali ukatoa moshi mweusi. Hapo *i* ilianguka, tukabaki na kunuka. Nta ina kikomo cha kubeba mafuta, kama punda na mzigo. Yakizidi kikomo hicho hayanukii zaidi, tena ni hatari, yanaweza kushika moto.

Kama si wingi, ni nini? Kwanza ni joto la kuchanganyia. Soya nayeyusha ndani ya sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikifika nyuzi 80 hadi 85 natia mafuta, nakoroga taratibu dakika mbili nzima. Ikiwa imepoa mno, mafuta hayashikani nayo sawasawa. Ikiwa ya moto mno, mafuta mepesi kama ya mchaichai yanapaa. Ukiona jiko zima linanukia na majirani wanakusifu, ujue mshumaa unaibiwa.

Pili ni utambi. Kumbe harufu nyingi haitoki kwenye mwali. Inatoka kwenye lile dimbwi la nta iliyoyeyuka. Watu wa pwani wanalijua jambo hili toka zamani: udi hauwekwi kwenye moto unaolipuka, unawekwa juu ya kaa ndani ya chetezo, unapashwa polepole. Utambi mwembamba huchimba kishimo katikati ya mshumaa na kuacha nta pembeni ikilala na harufu yake. Mnene mno huleta masizi. Kwa chupa yangu ya sentimita 7, unaofaa ni ule unaofikisha dimbwi ukingoni kwa saa mbili mpaka tatu. Na dirisha lifungwe kidogo, maana upepo wa Singida hauna adabu, unainamisha mwali na kuondoka na harufu.

Tatu ni mafuta yenyewe. Mchaichai ni mgeni mwenye haraka: anabisha hodi, anasalimia, anaaga. Karafuu ni mzito, anakaa. Huko Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachokamua mafuta kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vya karafuu ambavyo ungedhani ni takataka. Nilipata kichupa chake. Sehemu moja ya karafuu kwa nne za mchaichai, na chumba kikaanza kuwa na mwenyeji.

Nne ni kungoja, na hapa ndipo penye kazi. Mshumaa wa soya ukishaganda bado haujawa tayari. Nta inaendelea kutulia na kushikana na mafuta kwa wiki moja mpaka mbili. Nilitengeneza mishumaa sita kwa siku moja, nikawasha mmoja siku ya pili, mwingine siku ya saba, mwingine siku ya kumi na nne. Nta ileile, gramu zilezile. Wa siku ya kumi na nne ndio uliofika mpaka ukumbini.

Nani alipima? Si mimi. Pua ikikaa na harufu huizoea, na baada ya nusu saa mtengenezaji hasikii kitu. Nyani haoni kundule. Mwamuzi wangu ni mdogo wangu wa darasa la tano. Namtoa nje dakika kumi acheze, halafu namwita aingie na kutoa maksi. Hana huruma. Mshumaa mmoja alisema unanukia "kama daktari wa meno", akaupa mbili juu ya kumi. Karafuu nikaipunguza.

Nyie mnaoandika mmeshaona ninakoelekea, basi sitawahubiria sana. Siku za mwanzo sura yangu ya kwanza ilikuwa na machweo mekundu kama damu, macho kama nyota na moyo uliopasuka mara tatu, yote kwenye ukurasa mmoja. Ilikuwa asilimia 12 ile. Nimekata, nimebakiza machweo tu. Kisha nimempa jirani yetu, mwalimu mstaafu, asome. Sijampa maelezo yoyote, kwa sababu mwandishi naye ameizoea harufu ya chumba chake.

Mishumaa thelathini ya yule mama iko chini ya kitanda changu, ndani ya boksi la sabuni, imefunikwa kanga. Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi mkono unawasha nifungue niwashe mmoja, na kila asubuhi nauacha. Mwalimu naye hajarudisha daftari. Jana nilimwona barabarani, akanisalimia na kuulizia mvua.

Shambani alizeti imeshainamisha vichwa. Mama amenoa mundu na kuutundika mlangoni, hasemi kitu. Zimebaki siku tano. Jumamosi nitapanda daladala ya asubuhi kwenda mjini, boksi nikilipakata, na kiberiti mfukoni.