Wimbi Linalobisha Hodi

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba mawimbi hayalingani. Wimbi kuu la kusi hutoka bahari ya mbali, likakikuta kisiwa likakizunguka, na nyuma yake likaungana tena kana kwamba halikukutana na kitu. Kiwimbi cha upepo wa jioni hakina uwezo huo: kikipiga ubavu wa ngalawa hurudi kilikotoka, na upande wa pili maji hubaki shwari. Kizuizi kimoja, hukumu mbili.

Ndivyo yalivyo mawimbi ya redio. Simu za mkononi zilipoenea kwetu, mengi ya mawimbi yake yalikuwa na urefu wa sentimita 33 hivi, nayo yaliweza kupinda kona na kupenya kuta nyingi. Haya yanayotarajiwa kubeba mitandao ya kesho huitwa mawimbi ya milimita. Katika masafa ya gigahezi 28 urefu wake hukaribia milimita 11. Katika gigahezi 73 ni milimita 4 tu, kadiri ya punje ya mtama. Fadhila yake ni wasaa: huko juu kuna nafasi pana isiyopatikana tena kwenye masafa ya chini, hata shehena kubwa ya picha na sauti ikapita kwa mara moja. Aibu yake ni ukuta.

Elimu hii si ya jana. Kati ya mwaka 1894 na 1896, mjini Calcutta, Jagadish Chandra Bose aliyafanyia majaribio mawimbi ya aina hii, hata yale ya milimita 5. Zaidi ya karne moja ikapita kabla ya watu wa simu kuyarudia kwa dhati. Mwaka 2013 Theodore Rappaport na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha vipimo vya gigahezi 28 vilivyonifanya nizitazame upya kuta za nyumba yetu. Kioo kisicho na rangi kilipitisha karibu nusu ya nguvu ya wimbi, na ukuta wa ndani ya ofisi ulipitisha sehemu moja ya tano. Lakini nguzo ya matofali ilipitisha sehemu moja tu katika takriban mia saba, na kioo cheusi cha nje sehemu moja katika elfu kumi.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe wa Unguja, niliyelelewa katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo ukuta wake ukiupima kwa mkono hupata dhiraa nzima. Hata mawimbi marefu ya leo hufika chumba cha ndani yakiwa hoi. Mama yangu, akitaka kusikilizana na mwanawe aliyeko Maskati, hupanda ngazi hadi juu kwenye dari. "Simu yenu hii," huniambia, "haina ujamaa na watu wa ndani." Kwa wimbi la milimita sioni tamaa yoyote ya kupenya humo kutoka njiani.

Hata hivyo, hadithi haiishii mlangoni. Mwaka 2015 kundi lile la New York lilichapisha vipimo vya ndani ya jengo la ofisi huko Brooklyn. Katika uwanja ulio wazi, umbali ukiongezeka maradufu nguvu ya wimbi hubaki robo. Ndani ya jengo lile, mtumaji na mpokeaji walipoonana bila kizuizi, ilibaki karibu nusu, kwani kuta, sakafu na dari zilizirudisha njiani nguvu ambazo uwanjani zingepotea. Ukuta ule ule unaomzuia mgeni nje ndio unaomtunza akishaingia.

Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, maana upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Nikifuata mantiki ya vipimo hivyo, wimbi likifunguliwa ndani ya chumba kama hicho litakwenda vizuri. Litakaloliudhi ni mwili wa mwanadamu: mtu akipita katikati hulikata. Dawa yake ni antena nyingi ndogo, na kwa kuwa wimbi ni dogo, antena 64 huenea katika eneo dogo kuliko kiganja. Kwa pamoja huuelekeza mwale upande huu au ule. Njia ya moja kwa moja ikizibwa, hutafuta nyingine kwa kudundia ukutani.

Basi wimbi hili halivamii, lazima likaribishwe. Kila chumba kitataka kifaa chake, na kila kifaa waya wake. Hapo ndipo penye shaka yangu. Kizazi cha tano cha simu kilipozinduliwa Tanzania mwaka 2022 kilianza na mawimbi marefu kuliko haya, kwa hiyo muda wa kufikiri tunao. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka, tukakumbushwa kwamba mawe nayo huchoka. Je, tutazitoboa kuta hizi ovyo, kila mwenye kampuni na nondo yake? Na nani atalipia kifaa cha chumba cha mwisho, anakokaa mzee asiye na mshahara, ambaye ndiye mwenye haja zaidi ya kuisikia sauti ya mwanawe?

Wazee wetu walijenga kwa ajili ya sitara: baraza kwa wapita njia, ndani kwa wenyewe. Wakajua pia kwamba sitara isiyo na mlango ni kifungo. Fundi wa mitandao atakayekuja kwetu na aingie kwa adabu hiyo: abishe hodi, aulize ukuta upi unabeba dari, na akishakaribishwa asiishie sebuleni.