Biblia Ilipoingia Nyumbani Mwetu



Wapenzi wasomaji, mwaka jana binti yetu, ambaye anasoma fasihi ya Kiingereza katika koleji moja hapa Uingereza, alirejea nyumbani na Biblia mkobani. Alikuwa ameagizwa asome kitabu cha Mwanzo, sura ya 37 hadi ya 50, katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611. Hakuagizwa aisome kwa ibada. Alitakiwa aangalie jinsi kisa kinavyojengwa, wahusika wanavyosawiriwa na maneno yanavyorudiwa.

Usiku ule usingizi haukutujia. Sisi Waislamu tunaamini kwamba Taurati, Zaburi na Injili ziliteremshwa na Mwenyezi Mungu, na tunaitakidi pia kwamba zilizopo leo zimeingiwa na mkono wa binadamu. Tukakhofu mtoto asije akapotea kwa kutafuta alama za mtihani. Kulipokucha tukaandika barua kuwaomba wakuu wa koleji wamsamehe somo hilo.

Kabla ya barua kupelekwa, binti akatujia na swali. Sura zile zinasimulia kisa cha Nabii Yusuf. Ndugu zake walipoleta kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi, Yaakub wa kitabu kile aliamini kuwa mwanawe ameliwa na mnyama, akararua nguo zake na kuomboleza. "Baba, je, na katika Kurani Nabii Yaakub aliamini?"

Tukatazamana. Surat Yusuf tumeisoma tangu tulipokuwa watoto chuoni kwa maalimu, aya zote 111, tena kwa tajwidi. Lakini jibu hatukuwa nalo.

Aliyetutoa katika aibu ile ni bibi yake, ambaye hajui kusoma herufi za Kizungu. Alisema kwamba Yaakub hakudanganyika hata kidogo. Aliwatambua wanawe kuwa wamepanga jambo, akashika subira. Yeye kisa hicho alikisikia katika utenzi uliokuwa ukisomwa kwao alipokuwa kigori. Kisha akatwambia, "Ninyi mwasoma, lakini hamsikilizi."

Basi barua tukaiweka kando. Tukakaa sote pamoja, Msahafu juu ya marufaa, tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy kando yake, na Biblia mbele ya binti.

Akatuonyesha kwamba Yaakub aliyedanganywa kwa damu ya mbuzi ndiye yule ambaye, katika sura ya 27 ya Mwanzo, alimdanganya baba yake kwa ngozi za wanambuzi. "Sisi hatuwezi kulikubali hilo kwa Nabii," alisema binti mwenyewe, bila ya kuulizwa, "lakini msimulizi amelipanga kwa makusudi." Alipofika sura ya 44, pale Yuda anapojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake, tulimwomba asome mara ya pili.

Tukarejea Surat Yusuf, na hapo tukaona kwamba kanzu inatajwa katika mahali patatu: kwanza ina damu ya uwongo, kisha imechanika kwa nyuma, ikamtakasa Yusuf na tuhuma za mke wa bwana wake, na mwisho inawekwa usoni pa Yaakub, naye akarejea kuona. Miaka arubaini tumeisoma sura hii, wala hatukuwahi kuifuata kanzu hiyo.

Baadaye tulisoma kwamba mwaka 1844, mmisionari Johann Ludwig Krapf alipoanza kukifasiri kitabu hicho hicho cha Mwanzo kwa Kiswahili, huko Mombasa, aliyemsaidia alikuwa Kadhi. Mtu aliyeijua dini yake kiasi cha kuwahukumu wengine kwayo.

Wazazi wenzetu, hatusemi kila kitabu kinachoingia nyumbani kiachwe bila ya kuangaliwa. Tunakiri tu kwamba khofu yetu ilitokana na uchache wa tunayoyajua ya kwetu. Barua ile haikupelekwa. Kila Jumamosi baada ya Isha tunasoma aya kumi pamoja na tafsiri yake, watoto wakiwapo, na bibi ndiye anayeuliza maswali. Mara nyingi bado tunashindwa kumjibu.

Wabillahi tawfiq.