Jani Jeusi la Mwarobaini

Dirisha la jikoni mwangu hapa Braamfontein linatazama kaskazini, ambako jua la nusu hii ya dunia hupita wakati wa baridi. Chini yake nimeweka ndoo kuukuu ya rangi, iliyotobolewa tundu kitakoni, na ndani yake umeota mti mwembamba wenye kimo cha shubiri tatu. Mwezi wa Mei nauingiza ndani. Septemba nautoa tena kwenye roshani. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuna alfajiri za Juni ambapo jalidi huonekana kama chumvi iliyonyunyizwa juu ya majani makavu. Mti huu haukuzoea jalidi. Wala mimi, mtu wa Pangani.

Nilipewa na jirani yangu wa ghorofa ya juu, mkutubi mstaafu ambaye wazazi wa babu zake walitoka Madras kuja kulima miwa ya Natal. Meli ya kwanza ya vibarua hao wa mkataba, Truro, ilitia nanga Durban mwezi wa Novemba 1860. Hajui wazee wake walikuja na meli ipi. Anachokijua ni bustani ya bibi yake huko Durban: mti wa majani ya mchuzi kando ya mlango wa jikoni, mlonge karibu na ukuta, manjano kivulini, na migomba pale yalipomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Aliponieleza hayo nilicheka, kwa kuwa alikuwa amenichorea nusu ya ua wetu. Nasi maji ya vyombo tulimwagia migomba, na mlonge ulisimama ukutani. Mlonge wenyewe asili yake ni Bara Hindi, na jina lake la kitaalamu, *Moringa*, limetokana na jina lake katika lugha za kusini mwa nchi hiyo. Kwa Kitamil huitwa murungai.

Chipukizi alilonipa lilitoka katika mzizi wa mti wake mwenyewe, na maagizo yake yalikuwa machache. Wakati wa baridi maji yawe haba. Majani yakipukutika nisiutupe, ningoje. Majira ya joto yakianza nikate ncha ili utoe matawi ya pembeni. Kisha akachuma kijani kimoja, akakifikicha na kuninusisha, akalitaja jina lake kwa Kitamil: karuveppilai. Nikamwuliza maana yake, kama tunavyouliza sisi walimu wa lugha kila tunaposikia neno refu.

"Karu ni nyeusi," akasema. "Veppilai ni jani la vembu."

"Na vembu ni nini?"

Akatafuta picha katika simu yake, akanionyesha. Ulikuwa mwarobaini.

Nilinyamaza, na yeye hakujua kwa nini.

Uani kwetu Pangani palikuwa na mwarobaini mkubwa kuliko nyumba. Mama alitandika mkeka chini yake baada ya sala ya adhuhuri, akachambua mchele, akasuka ukili, akapokea wageni. Mtoto wa jirani alipopata tetekuwanga, mama yake alikuja kuomba majani ya kumwogeshea, na hapakuwa na haja ya kubisha hodi mara mbili. Jirani yangu ananiambia kwamba katika nchi ya Watamil maradhi hayohayo yakiingia nyumbani, matawi ya mti huohuo hutundikwa mlangoni. Na mwaka mpya wao unapofika, katikati ya Aprili, maua yake machungu hutiwa katika chakula pamoja na embe na sukari guru, ili mwaka uanze kwa ladha zake zote. Watu hao na watu wetu hawakukaa kikao cha kukubaliana. Mti ulisafiri, na sehemu ya maarifa yake pengine ikasafiri nao.

Mwaka 2013 nilirudi kutoka Ujerumani na shahada ya uzamivu. Tasnifu yangu ilihusu miti katika ushairi wa pwani, lakini huko nilikaa nyumba moja na wanafunzi wa ikolojia, na kutoka kwao nikaokota maneno mapya: mimea asilia, mimea ngeni, spishi vamizi. Niliyapenda jinsi mtu anavyoipenda miwani yake ya kwanza. Nilipofika nyumbani nikakuta mizizi ya mwarobaini imeanza kuinua sakafu ya baraza. Nikamwambia Mama kwamba mti ule haukuwa wetu; asili yake ni Bara Hindi, tena huko maporini unasonga miti ya asili. Nikamshauri tuukate, tupande mkwaju, mti wa Afrika.

Mama aliutazama mti, kisha akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Kama wewe uliyesoma umeona hivyo."

Mafundi wawili waliumaliza kwa siku moja. Nilipanda mche wa mkwaju kwa mikono yangu, nikaumwagilia maji, nikarudi kazini nikijiona nimetenda jambo la maana.

Likizo iliyofuata nilimkuta Mama amehamishia mkeka ndani, nyuma ya mlango, karibu na feni. Nilimwuliza kwa nini hakai uani. "Jua limekuwa kali siku hizi," akanijibu. Hakusema zaidi, siku hiyo wala baadaye. Sikuwahi kusikia lawama kutoka kwake, na kwa muda mrefu nilichukulia kwamba lawama haikuwapo.

Alifariki mwaka 2019. Siku ya arobaini yake tulikodi turubai, kwa sababu ua ulikuwa mweupe kwa jua na waliokuja kusoma hitima walikuwa wengi. Mkwaju ulikuwa umenifika kifuani. Ni mti unaokua kwa subira. Bibi mmoja wa jirani aliketi ukingoni mwa turubai, akaashiria kwa kidole pale nguzo moja ilipochimbiwa, akamwambia mjukuu wake: "Hapa ndipo palikuwa na mwarobaini." Hakunisema mimi. Alikuwa akimwonyesha mtoto mahali tu, kama mtu anavyoonyesha kaburi.

Nimeishi na sentensi hiyo hapa Braamfontein, mtaa ambao jina lake lenyewe lina mmea ndani yake: chemchemi ya michongoma ya matunda, kwa Kiafrikana. Kila baada ya miaka kadhaa hujaza fomu za kuomba kuendelea kukaa, na katika fomu hizo mimi ni mgeni. Sina kinyongo na neno hilo, maana ni kweli. Lakini kila ninapoliandika nakumbuka jinsi nilivyolitumia juu ya kitu kisichoweza kunijibu.

Jumamosi moja ya Februari jirani yangu alinialika nimsindikize makaburini, mwendo mfupi kutoka kwetu. Makaburi ya Braamfontein yalifunguliwa mwaka 1888, na wafu wake walitengwa kwa rangi na kwa dini kama walivyotengwa walio hai. Yeye hwenda kila mwaka kumzuru Valliammai, binti wa Kitamil aliyezaliwa hapahapa Johannesburg mwaka 1898. Mwaka 1913 alijiunga na wanawake waliovuka mpaka kati ya Transvaal na Natal kupinga sheria zilizowakandamiza Wahindi, akafungwa gerezani, akatoka mgonjwa, akafa tarehe 22 Februari 1914, na umri wake miaka 16. Kabla ya kuondoka nchini katikati ya mwaka huo, Gandhi alikuja kuzindua jiwe la kaburi lake. Kule India anaitwa Thillaiadi Valliammai, kwa jina la kijiji cha ukoo wake, binti aliyezaliwa na kuzikwa katika mji huu.

Katika makaburi hayohayo amelala Enoch Sontonga, mtunzi wa wimbo wa 1897 ambao lahani yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa Tanzania. Alifariki mwaka 1905, na kwa miongo mingi mahali alipolala hapakujulikana. Tarehe 24 Septemba 1996 kaburi lake likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Nilisimama pale nikakumbuka foleni za asubuhi shuleni Pangani, vumbi miguuni, na sisi tukiimba lahani iliyotungwa na mtu wa Johannesburg bila yeyote kati yetu kuwaza kwamba ni ngeni.

Hapa ningeweza kumaliza kwa kusema kwamba ugeni ni jina tu na kila kilichoota ni cha pale kilipoota. Ingekuwa tamu, na ingekuwa uongo. Kusini kidogo ya Pangani iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na humo mwarobaini kweli ni tatizo. Ndege na wanyama hula matunda yake na kutawanya mbegu, miche huota kwa wingi, na uoto wa asili husongwa. Wahifadhi wakiing'oa miche hiyo, nitawaunga mkono. Niliyoyasikia Ujerumani yalikuwa kweli. Kosa langu lilikuwa kuichukua kweli ya porini na kuipeleka uani kwa Mama bila kuuliza kama ndiyo kweli ya pale.

Tofauti hiyo nilikuja kuielewa kwa msaada wa jakaranda. Mwezi wa Oktoba mitaa ya Johannesburg hugeuka zambarau, na wanafunzi wangu hujua kwamba mitihani imekaribia. Jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini, na katika kanuni za Afrika Kusini za mwaka 2014 imo katika orodha ya spishi vamizi. Lakini kanuni hizohizo zinaiacha ile iliyo ndani ya miji. Kando ya mito ing'olewe. Barabarani, watu wanapopita chini yake, ibaki. Waliotunga kanuni hizo walijiuliza mti uko wapi na unafanya nini hapo. Mimi niliuliza ulikotoka, basi.

Tena hata swali hilo moja sikulijibu vyema. Mkwaju niliouleta kwa majivuno kuwa mti wetu ni wa Afrika kweli, lakini Waarabu waliita tunda lake tamr hindi, tende ya India, na mwaka 1753 Linnaeus akaupa jina *Tamarindus indica*. Mti wa Afrika umepewa jina la Kihindi, nao mti wa India una jina la Kiswahili kiasi kwamba watu wengi pwani hawawezi kuufikiria bila maradhi arobaini. Jirani yangu hawezi kupika rasam bila ukwaju, na anauita puli, na hakuna atakayemshawishi kwamba ni wa watu wengine.

Mwezi uliopita dada yangu, anayeishi sasa katika nyumba ya Pangani, alinipigia simu. Mkwaju umeanza kutoa kivuli, akasema, kiasi cha kutosha mkeka mmoja alasiri. Kisha akaniambia kwamba kando ya ukuta umeota mwarobaini, pengine mbegu imeangushwa na popo, nao umeshampita kimo.

"Tuukate?" akauliza. "Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Nilihisi zile sentensi za 2013 zikinijia ulimini, zote, pamoja na zile mpya nilizojifunza baadaye za kuzipinga. Nikamwuliza ni nani anayekaa uani siku hizi.

"Watoto," akasema. "Na yule bibi wa jirani, alasiri."

"Basi waulize wao," nikamwambia. "Mwanzie bibi."

Akanyamaza kidogo, kana kwamba hakutarajia jibu hilo kutoka kwangu. Kisha akasema atamwuliza, tukaagana.

Niliweka simu nikaenda dirishani. Jani jeusi la mwarobaini lilikuwa limepukutika karibu lote, limebaki fito mbili na majani matatu ya juu. Nikaugusa udongo kwa kidole, nikaukuta una unyevu wa kutosha. Sikuongeza maji.